Siku Mikono ya Mzee Shee Ilipopelekwa Kilindini Kukaguliwa

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati, kalamu mbili za serikali, na kiti ambacho mguu wake mmoja nimekuwa nikiuombea fundi tangu nilipokuwa na nywele. Makarani vijana wakanifanyia chai na kunizawadia mwavuli. Mmoja wao, simtaji kwa sababu bado ana ngazi nyingi za kupanda, akaniuliza, "Mzee, zamani kabla ya mambo ya fomu, forodhani mlikuwa mkifanya kazi gani hasa?" Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Fomu nilizikuta, mwanangu, na nimeziacha zikiwa na afya njema kuliko mimi.

Basi nimeona niwaandikie kidogo. Habari za vyeo na mishahara sitazigusa, kwa kuwa hazina utamu kwa msomaji na hazikuwa na utamu mwingi kwangu pia. Nitawaeleza miaka ya arobaini pale Bandari ya Kale, jinsi nilivyofundishwa kazi na mtu ambaye hakujua kusoma hata herufi moja ya Kizungu, na jinsi serikali ilivyotuandikia barua ikitaka tumtie mtu huyo sandukuni.

Niliingia kazini vita vikiwa vimepamba moto. Siku ya kwanza mamangu alinifukiza udi kama bwana harusi. Nikavaa suruali nyeupe iliyopigwa pasi na viatu vyeusi vya kuazima, nikashuka kwenda gatini nikijiona nimekwenda kuitawala bahari. Niliambiwa niripoti kwa mpimaji wa boriti. Nikamkuta juu ya kasha la chai, mtu mzima mwenye ndevu chache na mikono mikubwa mno kwa mwili wake. Jina lake Mzee Shee.

"Sabalkheri, Mzee," nikasema.

"Sabalkheri. Ndiwe karani?" Akanitazama toka juu mpaka chini, akakoma kwenye viatu. "Viatu hivyo wavipenda?"

"Navipenda."

"Basi vivue. Boriti hazina heshima."

Boriti, kwa wale mliozaliwa chini ya mapaa ya bati, ni miti ya mikoko inayokatwa katika hori za pwani. Ni migumu na imenyooka, na ndiyo inayobeba dari za nyumba zote za mtaa wa Kuze. Bara Arabu miti kama hiyo haioti, kwa hivyo majahazi yalikuja na tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na boriti. Maganda yake hutoa maji mekundu. Kufikia adhuhuri suruali yangu ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya mkandaa, na haikurudi kuwa nyeupe tena mpaka ilipokatwa kuwa matambara.

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Boriti huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini, na kila korija moja hupigwa alama ya chaki. Nilihesabu rundo la kwanza mara tatu, nikapata majibu matatu. Nikamwendea Mzee Shee kwa adabu nikamuuliza niandike lipi.

"Andika la nne," akasema.

"La nne sijahesabu, Mzee."

"Basi wangoja nini?"

Huo ndio ulikuwa mtindo wake wa kufundisha, na mpaka leo sijaona ulio bora. Lakini kazi kubwa ilikuwa yake. Kila boriti ililetwa mbele yake na hamali, naye akaikumbatia kwa viganja viwili pale kiunoni pa mti, vidole gumba vikigusana upande mmoja. Kama vidole vya kati vilikutana upande wa pili, boriti ile ilikuwa changa. "Huyu mtoto," angesema, na hamali angeitupa kando. Kama vidole havikukutana, alisema, "Mtu mzima. Mpitishe." Nami nikaandika.

Zile changa hazikuruhusiwa kupanda chomboni. Ziliuzwa mjini kwa ajili ya nyua na mabanda, kwa bei ya kumkatisha tamaa aliyezikata. Mzee Shee alikuwa amepanga hivyo tangu ujanani mwake, kwa makubaliano na wakataji na wafanyabiashara. Mkataji akijua kwamba mti mchanga hautamletea faida, atauacha ukue. Manahodha nao walinunua bila kukagua, wakiambiwa tu kwamba shehena imepita mikononi mwa Shee. Sikuwahi kumsikia mtu yeyote akibishana na mikono ile, na pale gatini watu walibishana hata na saa ya mnara.

Wakati wa vita kila kitu kilichotoka bandarini kilitaka kibali cha nakala nne. Swali la sita la kibali liliuliza kama bidhaa hiyo inaweza kumfaa adui. Nilikaa nalo siku nzima. Hatimaye nikamsomea Mzee Shee, naye akafikiri akasema, "Andika hivi: yaweza kumdhuru, ikimwangukia." Nikaandika. Kibali kikarudi kimepigwa mhuri, na tangu siku hiyo nikawa na wasiwasi kuhusu watu wanaosoma fomu zetu.

Wasiwasi huo ulithibitika vita vilipokwisha. Tulisikia kwamba wakubwa wa dunia wanakutana ng'ambo kuandika sheria moja ya biashara ya mataifa yote, ili watu wauziane kwa haki na wasigombane tena. Jambo jema kabisa. Ila hukumu za wakubwa hushuka ngazi kwa ngazi, na ngazi ya mwisho ilikuwa meza yangu. Ikaja karatasi ikitaka kila bandari ieleze vipimo inavyotumia, na kwa bidhaa za msituni ieleze pia ni hatua gani zimechukuliwa ili msitu usiishe. Karatasi ililetwa na mkubwa wetu wa Kilindini, ile bandari kubwa ya meli, Mzungu mrefu ambaye hamali walimwita Bwana Rula kwa sababu ya rula ya shaba iliyokuwa haitoki mfukoni mwake. Hakuwa mtu mbaya. Alipenda tu kila kitu kiwe na urefu unaojulikana.

Nikaijaza karatasi kwa uaminifu. Jina la kipimo: mikono. Idadi: miwili. Aliyekitengeneza: Mwenyezi Mungu. Mahali kinapohifadhiwa baada ya kazi: Kuze, nyumba ya tatu baada ya msikiti. Nilipomsomea Mzee Shee akanikosoa mahali pamoja tu.

"Na Ijumaa? Waandika chahifadhiwa Kuze, wao waje Ijumaa saa ya swala wakikose?"

Nikaongeza habari za Ijumaa. Baada ya majuma mawili jibu likaja. Liliagiza kipimo cha Bandari ya Kale kitiwe katika sanduku moja, kizungushiwe maranda ya mbao kisivunjike, kipigwe lakiri, na kifikishwe Kilindini kukaguliwa kabla ya mwisho wa mwezi. Kipimo kisipokaguliwa, vibali vya boriti vya Bandari ya Kale vitasimama.

Hapo sasa kicheko kikaniishia. Wakati ule gatini palikuwa na korija arobaini za boriti za Bi Rukia, mjane wa Kuze na ndugu wa tumbo moja wa Mzee Shee. Marehemu mumewe alikuwa mfanyabiashara wa boriti, naye Bi Rukia alikuwa ameamua kuiendeleza kazi ile mwenyewe. Kila alichoachiwa kilikuwa kimelala pale gatini. Mikono ya kaka yake ilikuwa imekwisha kuzipitisha, nahodha yuko tayari, kilichobaki ni kibali, na kibali sasa kilikuwa kinangoja sanduku.

Bi Rukia alikuja ofisini na buibui lake, hakukaa. "Kakangu," akamwambia Mzee Shee, "mikono yako haijanifaa kwa lolote tangu utotoni, ilikuwa yanivuta nywele tu. Nenda Kilindini, leo inifae."

"Wataka nitiwe sandukuni?"

"Ukitosha."

Tukaenda kwa miguu, yeye mbele na kanzu safi, mimi nyuma na barua. Langoni Kilindini alikuwapo askari kijana wa Kigiriama, Katana, ambaye nilimfahamu kidogo. Akaisoma barua polepole.

"Hapa pameandikwa sanduku moja lenye lakiri. Sanduku li wapi?"

"Kipimo chenyewe ni huyu mzee," nikasema.

"Huyu ni mtu."

"Mikono yake ndiyo kipimo."

Katana akafikiri kwa haki kabisa. "Sawa. Basi mikono iingie, mzee angoje hapa."

Tulibishana mpaka jua likatuchoma. Mwisho nikaomba kamba na lakiri katika kibanda chake, nikamfunga Mzee Shee kamba kwenye vifundo vya mikono, nikadondosha lakiri nyekundu juu ya fundo na kuipiga mhuri wa ofisi. Mzee Shee alisema hajui kama nampeleka kukaguliwa au kuchinjwa. Lakini Katana alipoiona lakiri akasimama wima, akatupigia saluti, akafungua lango.

Bwana Rula alishangaa kuona kipimo kinamwamkia. Nikamweleza. Akakata kamba mwenyewe, akatukaribisha viti, na nikiri kwamba hakucheka. Alikuwa amechongesha gogo lililoanza nene upande mmoja na kwisha jembamba upande wa pili, na kila mahali pameandikwa inchi za mzunguko wake. Mzee Shee akalikumbatia gogo kwa viganja, akaiteremsha mikono taratibu kutoka unene kwenda wembamba mpaka vidole vya kati vikakutana.

Bwana Rula akasoma: kumi na mbili. Akafungua kitabu cha sheria mpya: boriti isiyopungua inchi kumi na moja inaruhusiwa kutoka. Akapiga mhuri. Kipimo kimepita. Nikamwona Bi Rukia akilini mwangu akifungua kibubu cha shukrani.

Kisha Bwana Rula, kwa kupenda kwake ukamilifu, akaenda kabatini akatoa daftari la zamani, la mkubwa fulani aliyemtangulia. Mkubwa yule naye alikuwa amempima Mzee Shee mikono yake, mzee alipoanza kazi. Bwana Rula akacheka kidogo, akaniambia kwa Kiingereza kwamba zamani mikono hii ilikuwa inchi kumi na nne, lakini si kitu, sheria haitaki kiasi hicho.

"Asemaje?" akauliza Mzee Shee.

Hapa nawaambia ukweli, vijana wangu. Nilitaka kumwambia kwamba Bwana amesema kwaheri. Mhuri ulikuwa umekwisha kukauka, shehena ya Bi Rukia imeokoka, na ulimwengu wote ulikuwa shwari. Nilifungua kinywa, nikaona yale macho yananingoja kama yalivyoningoja siku ya korija, nikamwambia yote.

Mzee Shee akaigeuza mikono yake, akaitazama nje na ndani. Baridi yabisi ilikuwa imevishika vidole miaka kadhaa, ikavipinda. Havikunyooka tena sawasawa, kwa hivyo havikufika mbali kama zamani. Mti ambao zamani vidole vyake vingekutana na kuuita mtoto, sasa havikukutana, naye akauita mtu mzima.

"Wakataji walinambia," akasema. "Walinambia siku hizi wapiga kasia tangu alfajiri ndipo wauone mti wa maana. N'kawaambia wavivu. Kumbe n'napitisha watoto mimi mwenyewe." Kisha akasema, "Mwambie Bwana aandike kumi na nne."

Nikatafsiri. Bwana Rula akadhani nimekosea, akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaegemea kiti. Miaka yote aliyokaa Afrika, akasema, watu wamekuja kumwomba ailegeze sheria, hajapata kuona mtu amekuja kumwomba aikaze. Akatafuta fomu ya jambo hilo katika droo tatu. Haikuwapo. Mwishowe akachukua karatasi tupu, akaandika kwa mkono wake kwamba Bandari ya Kale itatumia kipimo kikali kuliko sheria. Akaniuliza aweke sababu gani. Nikamwambia sababu ni kwamba mzee amekataa. Akaandika hivyo hivyo, na naamini mpaka leo karatasi ile imo katika kabati fulani ng'ambo ikiwasumbua wataalamu.

Njiani kurudi nilijaribu bahati yangu. "Mzee, za Bi Rukia zilikwisha kupita kabla ya leo. Hizi tuziache, tuanzie shehena ijayo."

"Shehena ijayo ni ya nduyangu?" akaniuliza.

"Siyo."

"Basi wataka n'anze ukali na watu wa wenzangu?"

Tukakata kamba ya inchi kumi na nne, tukaipaka lami isivutike, na asubuhi iliyofuata tukaanza kuzipima upya korija arobaini. Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya kibali cha nahodha cha kukaa bandarini kwisha. Bi Rukia alifika gatini kabla jua halijapanda, akasimama kando ya rundo.

"Sheria ya Mzungu imenipitisha," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya maji. "Nduyangu wa tumbo moja ndiye anizuia!"

"Mzungu hajui mti huu una umri gani," Mzee Shee akajibu, kamba mkononi. "Mimi najua."

"Na umri wangu mimi waujua? Waujua n'tangoja mangapi mpaka hiyo mikoko yako iote ndevu?"

Hamali wakainamisha vichwa ili wasionekane wanacheka. Mzee Shee hakucheka. Kila kamba ilipokutana ncha kwa ncha na kupita, alisema "huyu mtoto" kwa sauti ndogo, kama anayetaka ndugu yake asisikie, na Bi Rukia alisikia kila mara. Korija kumi na nne zilikwenda kando. Niliandika kibali kipya cha korija ishirini na sita, nakala nne, kwa asubuhi moja, nikakimbia nacho Kilindini na kurudi. Ndizo mbio pekee nilizopata kukimbilia serikali. Katana alinifungulia lango bila kuuliza sanduku.

Jahazi likaondoka na nafasi tupu ndani yake. Korija kumi na nne zilizokataliwa ziliuzwa mjini, na mwaka ule kuku wa Kuze walilala katika mabanda ambayo hata tufani isingeyatikisa. Bi Rukia hakupoteza yote, lakini alipoteza vya kutosha. Akaacha kumsemesha kaka yake. Nyumba zao zilitazamana, na kwa mwezi mzima wa Ramadhani futari za majirani zilipita kutoka nyumba hii kwenda ile, isipokuwa baina ya milango ile miwili. Mzee Shee alikuja kazini, akakaa juu ya kasha lake, akapima kwa kamba. Mikono aliiweka mapajani. 

Siku ya Idi, baada ya swala, alinialika kwake chakula cha mchana. Tulikuwa wawili tu mbele ya sinia. Tulikuwa hatujaanza, mlango ukasukumwa, Bi Rukia akaingia na bakuli la mchuzi wa mbuzi. Akaliweka kati yetu bila salamu, akakaa kwenye kiti cha pembeni na kutazama ukuta. Mzee Shee akasema bismillahi, tukala.

Wali ulikuwa unamwagika. Mzee Shee alikuwa akichota, na kabla mkono haujafika mdomoni nusu imekwisha kuanguka kifuani na mkekani. Jambo hilo sote tulikuwa tumelizoea. Miaka mitatu minne nilikuwa nimekula naye gatini nikiona wali ukipita katika vidole vile, na hamali wakimtania kwamba Mzee Shee hali, analisha kunguru. Sote tulicheka. Mimi niliyekaa ubavuni mwake kila siku na daftari, niliyelipwa kwa kutazama, sikufikiria boriti hata mara moja. Nikauacha mkono wangu siniani, chakula kikinishinda kwa aibu.

Bi Rukia alikuwa ameuacha ukuta. Aliutazama ule mkono ukienda na kurudi mara mbili, mara tatu. Kisha akainuka, akaja kukaa chini kando ya kaka yake, akakunja mkono wa buibui. Akachota wali, akauchovya mchuzini, akaubana na kuubana mpaka ukawa tonge nene la kumshinda hata mtu mwenye njaa. Akamwekea kiganjani.

"Haya, zungusha vidole," akamwambia.

Mzee Shee akamtazama. Akavizungusha vile vidole vyake vilivyopinda. Havikukutana.

"Basi huyo mtu mzima," akasema Bi Rukia. "Mpitishe."